Uzito wa Isdori

Mama mkwe alianza kunusa mashati ya Flavian mtoto alipofikisha wiki ya tisa. Wala hakujificha sana. Flavian alikuwa ametoka Mtowisa kununua mpunga, vumbi limemkaa hadi kwenye kope, ameketi sebuleni anavua viatu. Shati alikuwa amelitundika msumarini. Dominika akalichukua kama mtu anayelipeleka kwenye beseni la nguo chafu, lakini kabla ya kulitia majini akaliinua hadi puani, akavuta pumzi, akalishusha, kisha akalinusa tena upande wa kwapa. Mtu anayenusa kwapa la shati mara mbili kuna kitu anatafuta, na Flavian alikijua.

Kwa kawaida mama mkwe na mkwe wa kiume hata kutazamana usoni hawatazamani. Tangu aje kumtunza bintiye hapo Pito, Dominika alikuwa akipita mbali na Flavian, anamsalimu ameinamisha kichwa, na chakula chake kinafika mezani kwa mkono wa bintiye huyo, Silvana. Mwanamke wa heshima namna hiyo akithubutu kushika shati la mkwewe, ujue moyoni mwake heshima imekwisha kitambo. Flavian akafungua kamba za kiatu cha pili polepole, masikio yakimwaka moto kama mwizi, na hakuwa ameiba kitu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Pito nzima hapakuwa na mwanamume aliyejiandaa kuwa baba kama yeye. Silvana alipokuwa na mimba ya miezi saba, Flavian alimsindikiza kliniki mjini, akaketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, mwanamume peke yake, magoti amebana, kofia mapajani. Nesi Bertha, mama mmoja mnene anayefoka hata anapobembeleza, alimtazama juu hadi chini akamuuliza, "Na wewe una miezi mingapi?" Benchi zima likaangua kicheko. Flavian naye akacheka, lakini hakuondoka. Alilisikiliza somo lote: mtoto awekwe ziwani saa ile ile anapozaliwa, maziwa ya kwanza ya njano yasimwagwe, miezi minne ya mwanzo ni ziwa tu, hata maji ya kunywa hapana. Alipotoka hapo akaenda kwa fundi seremala kuagiza kiti kifupi chenye mgongo, mke wake akae vizuri anyonyeshe. Akanunua chupa ya chai iliyotoka Tunduma, yenye maua mekundu, ili uji wa mzazi usipoe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani, na Flavian, ambaye tangu watu binafsi waruhusiwe kununua nafaka alikuwa hatulii nyumbani, alijiona baba wa kisasa.

Dominika naye alikuja na maandalizi yake. Alishuka kwenye lori na debe la ulezi, karanga, na samaki wakavu wa Kabwe waliofungwa kwenye majani, vyote kwa ajili ya kujaza maziwa. Kila asubuhi alimkanda bintiye matiti kwa kitambaa cha maji ya moto. Wiki ya kwanza tu akatoa na masharti: Flavian ahamie sebuleni, na asimguse mkewe hadi mtoto akaze miguu.

"Na wa nje ndiyo kabisa," alisema, akiwa ameipa kisogo sebule, anaongea na ukuta ili asiongee na mkwewe. "Mtoto anayenyonya hataki mchezo. Baba akitembea nje, au mama akitembea nje, jasho la mtu mwingine linaingia kwenye maziwa. Mtoto anabemendwa. Ananyauka huku mnamwona."

Flavian hakucheka. Habari za kubemenda alizikuta nyumbani kwao tangu anazaliwa, na mdogo wake wa mwisho, aliyekufa bado hajatambaa, walisema alibemendwa. Baba yao alibeba lawama hiyo hadi kaburini. Kwa hiyo alihamishia godoro lake sebuleni bila kinyongo, na aliposafiri kwenda bondeni kununua mpunga alilala juu ya magunia yake kama kuku anayelalia mayai. Mtoto alikuwa amezaliwa salama, wa kiume, kilo tatu na nusu, wakampa jina la marehemu babu yake, Isdori. Wiki sita za mwanzo alinenepa hadi mikono ikaingia mikunjo.

Kisha akaacha kunenepa. Siku ile ya mzani wa wiki ya tisa, mtoto akining'inia kwenye kile kikaptula cha kitambaa, Nesi Bertha aligonga mshale kwa kidole akidhani umekwama. Haukuwa umekwama. Akachora nukta kwenye kadi, chini ya ile ya mwezi uliopita, akaiunganisha kwa mstari ulioteremka. "Huyu ana njaa," alisema. "Mama, unanyonyesha?" Silvana akajibu ndiyo, ananyonyesha, huku anafunga kanga. Dominika aliyekuwa pembeni alimgeukia Flavian na kumtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwewe.

Shati likanuswa wiki hiyo hiyo, Flavian aliporudi kutoka bondeni.

Baada ya hapo nyumba ikawa na masikio kila kona. Flavian akikohoa sebuleni, mazungumzo ya jikoni yanakatika. Akisema kesho nashuka Mtowisa, mama na binti wanaangaliana. Akirudi, begi lake anakuta limepangwa upya. Na ndani ya begi hilo ndipo Silvana alipokuta ile kanga.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye rangi moja, kila mwanamke anajua. Flavian alikuwa amemnunulia mkewe doti nzima, na humo ndani kilikuwemo kipande kimoja.

"Baba Isdori," Silvana alimwambia kwa upole ambao haukuwa upole, "mwenzake huyu yuko wapi?"

"Gunia lilipasuka. Tuko katikati ya mlima, lori linapanda, mpunga unamwagika barabarani. Nilichana kipande kimoja nikazibia."

"Ukazibia gunia kwa kanga mpya."

"Ningezibia kwa nini? Suruali yangu?"

"Hapana," alisema Silvana, akakikunja kile kipande kwa uangalifu, mara nne, mara nane, mpaka kikawa kama kitabu. "Mimi nimeuliza tu."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo wa mtoto wa shule. Flavian mwenyewe alivyojisikia akiitamka, angekuwa yeye ndiye mke asingeamini. Gunia lenyewe lilishauzwa na kile kiraka chake, liko tumboni mwa watu huko Mpanda.

Usiku alijipindua kwenye godoro lake, na mawazo yakamfikisha mahali pabaya. Mtoto amebemendwa; hilo sasa hata yeye alianza kuliona, ile shingo nyembamba, yale macho makubwa. Kubemendwa kunatoka kwa baba au kwa mama. Yeye anajijua, hajagusa mwanamke, anaweza kuapa mbele ya altare. Basi amebaki nani? Aliketi kitako gizani. Akaomba Mungu amsamehe kwa wazo hilo, lakini hakuliacha.

Na mtu akishaanza kutafuta, hakosi. Kulikuwa na Leonidas, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka upande wa Biharamulo, mwanamume mrefu, mpole, meno meupe. Kila asubuhi alileta maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu kwa ajili ya mzazi. Flavian ndiye aliyempangia kazi hiyo. Sasa alikumbuka kwamba Leonidas akileta maziwa haondoki upesi. Husimama pale ukutani pa jiko, anaongea na Silvana kwa sauti ya chini, na siku mbili tatu Flavian alipotokea ghafla walinyamaza wote wawili. Alilikumbuka hilo, damu ikamchemka. Kumbe huku mimi nanuswa makwapa, akawaza, wenyewe wanajuana.

Akaaga anakwenda Mtowisa. Alibeba begi, akatembea hadi wanapopakilia malori, akanunua kikombe cha chai, akakinywa, kisha akarudi kwa njia ya mashambani. Jua lilikuwa limeshapanda. Alimkuta Leonidas anatoka kwenye uchochoro wa miti, kibuyu kitupu begani, akamzuia njia.

"Leonidas, unaongea nini na mke wangu kila siku?"

Leonidas alimtazama, akatazama begi, akaelewa, na badala ya kuogopa akaonyesha huruma, jambo lililozidi kumuudhi Flavian.

"Kaka, mimi sikutaka kuingia kwenye hayo," alisema. "Ndugu zangu wanachunga kule bondeni, karibu na Mtowisa. Mkeo ananiuliza kila siku kama wamekuona na mwanamke. Anataka niwaulize unalala wapi, unapikiwa na nani. Nimemwambia hawajaona kitu. Haniamini. Anasema wanaume tunafichiana."

Lile fumanizi lote Flavian alilolijenga kwa wiki nzima kumbe lilikuwa ni yeye mwenyewe anachunguzwa! Aibu ilimshika, kisha furaha ikaja juu ya aibu, kwa sababu mwanamke mwenye hatia hahangaiki kumpeleleza mumewe kwa kiasi hicho. Akampita Leonidas bila kuaga, akaenda nyumbani mbio kumwambia Silvana kwamba yote yalikuwa upuuzi, wote wawili ni wasafi.

Hakumkuta ndani. Alimkuta nyuma ya jiko, kwenye jivu, amepiga magoti, kifua wazi, anakamua maziwa. Alikuwa anayakamua ardhini, kwa mikono yote miwili, titi la kulia na la kushoto, maziwa mengi, meupe, yanachimba vijishimo kwenye jivu. Machozi yalimtoka na alikuwa hayafuti. Ndani ya nyumba Isdori alikuwa analia kile kilio chake kipya, cha chini, kama mlango unaohitaji mafuta.

"Silvana! Unafanya nini?"

Alishtuka, akajifunika kwa kanga. Halafu uso wake ukabadilika, hofu ikatoka, hasira ikaingia.

"Namwaga uchafu wako," alisema. "Unadhani nimpe mwanangu haya? Yanajaa, yananiuma, nalia navyoyamwaga, lakini simpi. Usiku namwonjesha kidogo tu asije akalisahau ziwa. Mchana anakunywa uji mwepesi wa ulezi. Mama amesema mpaka utakapokiri, apewe dawa, ndipo maziwa yatakate."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya saba. Tangu ulipokaa Mtowisa siku nne."

"Tulikwama! Mvua ilinyesha, lori likakwama!"

"Mama alisema utasema hivyo."

Flavian akakaa chini palepale penye jivu. Akahesabu wiki kwa vidole. Mtoto aliacha kunenepa alipoacha kunyonya, basi. Nesi alilisema mapema, kwa neno moja, na wao wote watatu walimsikia.

Siku hiyo hiyo aliwavuta mama na binti hadi kliniki, akaeleza yote mbele ya Nesi Bertha. Nesi alifoka mpaka wajawazito wa kwenye benchi wakainamisha vichwa. Aliwaambia maziwa ya mama hayaharibiki kwa jasho la mtu, kwamba mtoto ameshaingia sehemu ya kijivu ya kadi na chini yake ni nyekundu, na akifika kwenye nyekundu hawatamleta tena hapa, watampeleka wodini. Dominika aliitikia kila neno. "Ndiyo mwanangu. Asante mwanangu." Walipofika nyumbani akabandika sufuria, akakoroga uji mwepesi, akachukua kijiko.

"Mama, shikamoo," alisema Flavian kutoka mlangoni, kwa sababu hakujua aanzie wapi. "Nesi amesema—"

"Marahaba. Nesi amezaa wangapi?" Dominika aliuuliza ukuta. "Mimi nimezaa tisa, nimezika wawili. Ninajua kilichowaua."

"Naapa kwa Mungu sijatoka nje."

Hapo ndipo Silvana, aliyekuwa kwenye kile kiti kifupi cha seremala, mtoto mapajani, alipoinua uso. "Kama si wewe," alisema taratibu, "basi unataka kusema ni mimi?"

Dominika naye akageuka, kijiko mkononi. Sasa wote wawili wanamtazama, na katika macho ya mama mkwe Flavian aliona kitu kibaya kinaanza kuzaliwa, kwamba mzee huyu angeweza pia kumtilia shaka bintiye mwenyewe. Yeye akishikilia usafi wake, lawama haiendi mbinguni. Inahamia kwa Silvana. Na kiapo cha mumewe hakitamfanya Silvana anyonyeshe, wala kufoka kwa nesi. Isdori alifungua mdomo kupokea kijiko. Taya zake zilionekana mifupa.

Flavian alikaa siku mbili na jambo hilo. Alikwenda kazini akarudi, alipima mpunga akakosea vipimo. Alimfikiria baba yake, Isdori mkubwa, mtu mkimya aliyekuwa hanywi pombe, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama mzee yule alifanya kweli kile walichosema alifanya. Swali hilo lilimchoma kuliko yote. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, aliingia jikoni, mahali ambapo mkwe wa kiume haingii, akapiga magoti.

"Nimekosa," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa na mwanamke Mtowisa."

Silvana akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba aliokuwa akiutarajia.

"Anaitwa nani?" aliuliza Dominika.

Flavian hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Rahel," alisema. "Anauza mpunga."

"Na kanga?"

"Nilimpa yeye."

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, na uso wake, uliokuwa umekunjamana kwa wiki tano, ukafunguka. Hakumtukana. Alimwambia asante kwa kusema, hata akamwita mwanangu. Akatoa mizizi yake iliyokuwa imefungwa kwenye kitambaa tangu siku ya kwanza, akailoweka, akamwosha Silvana matiti, akamwosha Flavian mikono na kifua. Akampa ampakate mtoto na kurudia maneno yale yale ya kukiri, kwa sauti, mtoto asikie. Flavian akayarudia, Isdori akimtazama kwa macho yake makubwa. Kisha mtoto akapewa ziwa.

Alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Alinyonya titi hili, akahamishiwa lile, akalala, akaamka, akadai tena. Flavian alisimama mlangoni anayasikiliza yale mafunda, akamshukuru Mungu kwa uongo wake, na akajua kwamba dhambi hiyo hata kwa padri hataipeleka.

Wiki tano baadaye mshale wa mzani uliruka. Nesi Bertha akachora nukta juu kabisa, kwenye kijani, akaonyesha kadi kwa benchi zima. "Mnaona? Ziwa! Ziwa tu!" Dominika akapiga vigelegele, akimwona nesi mjinga lakini mwenye moyo mzuri, kwa sababu yeye alijua ni mizizi. Kila mtu pale alikuwa ameshinda. Flavian alitazama ule mstari unavyopanda, na akaona kwamba kila gramu aliyoongeza mwanawe ilikuwa ushahidi juu yake. Baba amekiri, mtoto amepona. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Walirudi kwa miguu, Dominika ametangulia na mwavuli. Isdori akalia njaa, Silvana akaketi kwenye tuta la kando ya barabara, penye mikaratusi, akampa ziwa. Flavian akasimama mbele yake kumkinga na upepo. Tangu siku ile ya jikoni Silvana alikuwa hajamwita Baba Isdori. Alimwambia "chakula tayari," "maji yapo," basi.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema sasa, bila kuinua kichwa. "Leonidas amerudi kutoka bondeni. Anasema Mtowisa yote hakuna Rahel anayeuza mpunga."

Flavian akasogea kidogo kumkinga na upepo upande wa pili.

"Nimewaza sana. Ulikuwa unaapa, ukaapa, halafu siku moja ukageuka." Akainua uso, na ndani ya macho yake mlikuwa na tumaini ambalo Flavian hakuwa ameliona tangu mwezi wa kwanza, tumaini la mke anayetaka kurudishiwa mume wake. "Niambie kweli, Baba Isdori. Alikuwepo huyo mwanamke, au hakuwepo? Ukisema hakuwepo, nitakuamini."

Jina hilo lilimpiga kifuani. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Angelisema, angemrudisha mke wake palepale kando ya barabara. Lakini kama mwanamke hakuwepo, basi kukiri kulikuwa kwa uongo, dawa haikushika, na maziwa haya aliyokuwa akiyanyonya mtoto ni yale yale yaliyomwagwa kwenye jivu. Mbele, Dominika alikuwa amesimama, mwavuli begani, anawasubiri. Isdori alinyonya, macho yamefumba, mkono wake wenye mikunjo umeshika kidole cha mama yake.

"Alikuwepo," alisema Flavian. "Ana jina lingine, ndiyo maana hawamjui."

Silvana akainamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye kanga, kile kipande kimoja. Akamtoa mtoto taratibu, akampangusa mdomo, akamgeuzia titi la pili.